Kwa Hewa au Bila Hewa: Bakteria Gani Wakabidhiwe Udongo Wenye Sumu za Klorini

Mtu aliyerithi kiwanja ambacho zamani kilikuwa na transfoma kuukuu, au ghala lililowahi kuwekwa dawa za kuulia wadudu, akitaka kukisafisha kwa msaada wa bakteria atakutana na njia mbili zinazopingana. Ya kwanza humtaka achimbe udongo, aufikiche, augeuzegeuze na kuupa hewa, ili bakteria wanaotumia oksijeni waile sumu. Ya pili humtaka afanye kinyume chake: auloweshe, aufunike, auzibie hewa kabisa, kisha awaachie kazi bakteria ambao oksijeni kwao ni mauti. Njia zote mbili zimethibitishwa, na zote mbili hushindwa vibaya zikitumiwa pasipo pahala pake. Kwa visiwa vyetu, ambako maji ya kunywa hutoka chini ya ardhi ile ile tunayoichafua, kukosea katika uchaguzi huu si hasara ya fedha tu.

Nitasema mapema ninachokiamini, ili msomaji aweze kunipima nikiendelea. Kabla ya kuuliza bei, uliza kila molekuli ya sumu hiyo imebeba atomu ngapi za klorini. Zikiwa nyingi, anza bila hewa. Zikiwa moja au mbili, nenda na hewa. Kauli hiyo ina mipaka yake, na kwa Unguja na Pemba mipaka hiyo ni mizito kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyoonyesha.

Sumu ninazozizungumzia zina umbo la pamoja: pete ya atomu 6 za kaboni, na juu ya pete hiyo zimepachikwa atomu za halojeni, yaani florini, klorini, bromini au iodini, ingawa mara nyingi huwa ni klorini. Heksaklorobenzini ni pete moja iliyojaa klorini 6. Pentaklorofenoli, iliyotumika kukinga mbao zisiliwe na wadudu wala ukungu, ina 5. PCB, mafuta yaliyotiwa ndani ya transfoma na kapasita kwa kuwa hayashiki moto kwa urahisi, ni ukoo wa kampaundi 209, zote zikiwa na pete mbili zilizoungana na klorini kuanzia 1 hadi 10. DDT, ambayo wazee wetu huikumbuka kwa jina tangu enzi za kupulizia kuta ili kupambana na malaria, ina pete mbili zenye klorini moja kila moja, na nyingine tatu kwenye kiungo kinachoziunganisha. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliweka lengo la kuondoa vifaa vyenye PCB katika matumizi ifikapo mwaka 2025 na kushughulikia taka zake kwa usalama ifikapo mwaka 2028. Kwa hiyo swali hili limekwisha kubisha hodi.

Wale wasiotaka hewa

Tunapokula wali, miili yetu huuvunja na kutoa elektroni, na elektroni hizo mwishowe hupokewa na oksijeni tunayoivuta. Bakteria aliyezikwa ndani ya tope jeusi hana oksijeni, kwa hiyo hutafuta mpokeaji mwingine: naitreti, chuma, salfeti, au, kwa baadhi yao, kampaundi yenye klorini. Hawa wa mwisho huipumulia sumu kama sisi tunavyopumua hewa. Elektroni mbili huingia, haidrojeni hukaa mahali pa klorini, na klorini hutoka ikiwa kloridi, yaani ile ile iliyomo katika chumvi ya kupikia. Pete hubaki nzima, ila mzigo wake umepungua kwa moja. Kisha huja zamu ya klorini inayofuata.

Mwaka 1982 Joseph Suflita, James Tiedje na wenzao wa Marekani walieleza kwa mara ya kwanza kwa uwazi njia hii katika kampaundi zenye pete: asidi za benzoiki zenye klorini zilikuwa zikivuliwa klorini ndani ya mashapo ya ziwa na tope la maji taka, pasipo oksijeni, na pete ikisalia. Baadaye akapatikana bakteria mwenyewe, ambaye mwaka 1990 alipewa jina la Desulfomonile tiedjei. Kilichonivutia daima katika habari yake ni kwamba hakuwa akifanya kazi peke yake. Yeye aliondoa klorini. Wa pili akaivunja asidi iliyobaki na kutoa haidrojeni na asidi ya siki. Wa tatu akaichukua sehemu ya haidrojeni na kutengeneza metani. Na haidrojeni nyingine ikamrudia yule wa kwanza, aitumie kuondolea klorini ya molekuli nyingine. Ukiwatenganisha, kazi husimama au huzorota. Anayenunua pipa la bakteria wa aina moja akitarajia miujiza aukumbuke ushirika huo.

Hodari zaidi katika kundi hili ni Dehalococcoides, kiumbe kidogo mno chenye umbo la kisahani, ambaye riziki yake yote ni kuondoa halojeni. Hali kingine. Anataka haidrojeni, anataka asidi ya siki kwa ajili ya kujenga mwili, na anataka vitamini B12, ambayo hawezi kuiunda mwenyewe bali hupewa na majirani zake. Atomu ya kobalti iliyomo ndani ya vitamini hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kung'oa klorini katika vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini. Mwaka 2000 Lorenz Adrian na wenzake walionyesha kwamba aina yake moja, CBDB1, hukua kwa kupumulia benzini zenye klorini, na mwaka 2003 ikaonekana kwamba hata dioksini, ukoo wa sumu kali zenye klorini, huigusa.

Kwa nini bakteria hawa huweza kushindana na wenzao wa topeni? Jibu liko katika faida wanayoipata. Kuondoa klorini moja kutoka kwenye pete kwa kutumia haidrojeni humpa bakteria nishati ya takriban kilojuli 130 hadi 180 kwa moli moja (kipimo cha wakemia cha idadi ya molekuli) ya haidrojeni, ilhali mtengenezaji wa metani hupata kama 34 na mtumiaji wa salfeti kama 38 kwa kiasi hicho hicho. Mwenye faida kubwa namna hiyo huweza kuokota haidrojeni iliyobaki kidogo sana, ambayo wenzake hawaioni kuwa na maana. Ndiyo sababu chakula kinachochacha polepole, kikitoa haidrojeni tone kwa tone, huwafaa kuliko kinachochacha kwa kishindo: kishindo huwashibisha watengeneza metani kwanza.

Kazi ya viumbe wasiotaka hewa si ngeni kwetu. Nilipokuwa mdogo, bibi yangu alikuwa akizika makumbi ya nazi pwani, mahali maji yanapokupwa, akiyafunika kwa tope na mawe na kuyaacha miezi kadhaa. Yalipofukuliwa yalikuwa meusi, yakinuka kama yai viza, na yalilegea kiasi kwamba kwa kupigwa kwa gongo usumba ulijitenga na nyama ya kumbi. Makumbi yale yale yangeachwa juu, upeponi, yangekauka na kubaki magumu kama yalivyotoka kwenye mnazi. Bibi hakuwa na haja ya neno bakteria ili ajue kwamba tope lililozibwa hufanya jambo ambalo upepo hauliwezi, na kwamba ukilifunua kabla ya wakati umejipunja mwenyewe. Kanuni hizo mbili ndizo zinazotawala shimo la kutibia udongo wenye PCB.

Sasa takwimu, kwa kuwa uchaguzi haufanywi kwa sifa. Mwaka 1988 Quensen, Tiedje na Boyd walichukua bakteria kutoka katika mashapo ya mto Hudson, uliochafuliwa na PCB za viwandani kwa miongo mitatu, wakawaweka pamoja na mafuta ya PCB bila oksijeni. Katika kiwango cha sehemu 700 kwa milioni, asilimia 53 ya klorini yote iliondolewa ndani ya wiki 16, na sehemu ya PCB zenye klorini moja au mbili tu ikapanda kutoka asilimia 9 hadi 88. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini yasomwe kwa utulivu: uzito wa pete zenyewe haukupungua. Klorini zilizotoka zilikuwa hasa zile za nafasi za meta na para, yaani zilizo mbali na kiungo cha pete mbili. Zile za orto, zilizo jirani na kiungo, zilibaki. Kiafya hilo lina heri yake, maana PCB zinazofanana na dioksini kwa ubaya huutegemea mpangilio ule ule wa meta na para. Hata hivyo kazi haijakwisha.

Wale wa hewa

Upande wa pili unahitaji maneno machache, kwa sababu unajulikana zaidi. Bakteria wa hewa hushughulika na pete yenyewe. Kimeng'enya chao huingiza atomu mbili za oksijeni kwenye kaboni mbili zinazopakana, pete hukatika, na mabaki huliwa kama chakula kingine chochote. Burkholderia xenovorans LB400, aliyetolewa kwenye udongo wa jimbo la New York, ndiye anayetajwa zaidi kwa PCB. Udhaifu wao ni kwamba kaboni hizo mbili zinapaswa kuwa wazi. Pete iliyojaa klorini haina pa kushikwa, na hapo waweza kuugeuza udongo mwaka mzima bila ya kuona tofauti. Sheria hii ina wa kuivunja, kwani wako bakteria wa hewa wanaoimudu pentaklorofenoli yenye klorini 5, lakini kwa heksaklorobenzini na PCB nzito usiwategemee.

Kwa DDT tofauti huonekana wazi zaidi. Udongo wenye hewa huigeuza kuwa DDE, ambayo hukaa miaka na miaka na hujilimbikiza katika mafuta ya wanyama. Mtu aliyelima na kupitisha hewa akitarajia kuisafisha huwa amebadilisha sumu kwa sumu yenye ukaidi zaidi. Udongo uliofurika maji huigeuza kuwa DDD kwa kuondoa klorini moja kwenye kiungo cha kati, na DDD inaweza kuendelea kuvunjwa. Hapo sioni sababu ya kusita: bila hewa kwanza.

Kwa kasi, wa hewa hushinda pale wanapoweza; wiki au miezi michache huonyesha matokeo, ilhali wasiotaka hewa huhesabiwa kwa miezi na miaka. Kwa gharama, wa hewa hudai mafuta ya mashine, vibarua au pampu, na kila siku ya kazi ni malipo. Wasiotaka hewa hudai maji, karatasi nene ya plastiki na chakula cha kuchacha. Molasi ni chakula kinachojulikana kwa kazi hii, na Unguja yenyewe ina kiwanda cha sukari Mahonda. Joto letu nalo ni neema. Wengi wa bakteria hawa hupendelea nyuzi 25 hadi 35, hali ambayo huku kwetu hudumu karibu mwaka mzima, na mashapo ya mto wa nchi ya theluji huipata kwa msimu tu.

Kwa usalama wa wafanyakazi, kila upande una hatari yake. Kugeuza udongo mkavu hurusha vumbi lenye sumu. Shimo lililofungwa hutoa metani, inayoshika moto, na sulfidi ya haidrojeni, ambayo ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa kabla ya kumuua mwenye pua. Hakuna mtu wa kuteremka ndani ya shimo hilo peke yake, hata kwa dakika moja.

Ardhi yako ni ipi?

Kwenye uwanda wa mawe wa mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi kupanda hadi Matemwe, udongo hukaa kwa mifuko midogo juu ya jiwe la matumbawe lililojaa nyufa na mapango. Hapa ndipo ninapoikataa njia ya kutibu papo kwa papo, iwe kwa hewa au bila hewa, na nina sababu mbili. Kampaundi iliyopunguziwa klorini huyeyuka katika maji kwa urahisi zaidi kuliko mama yake, kwa hiyo mafanikio ya nusu njia yanaweza kuwa ndiyo yanayoipeleka sumu kisimani. Pia molasi uliyoimwaga haikai ulipoiweka. Hufuata ufa, na maji ya jirani huja meusi, yenye harufu na chuma kilichoyeyuka. Fukua udongo huo wote, ni mchache kwa vyovyote, uuhamishie kwenye shimo lililotandikwa plastiki mahali penye udongo wa kina.

Udongo wa kina wa upande wa magharibi, mwekundu na mzito, ndio unaonifanya niipendekeze njia ya tatu ambayo wauzaji huisahau kwa kuwa kila mmoja huuza upande wake: bila hewa kwanza, kwa hewa baadaye. Shimo hutandikwa, udongo hujazwa pamoja na maji na chakula, hufunikwa, hupimwa kila baada ya miezi mitatu. Na pale vipimo vinapoonyesha kwamba zilizobaki ni zenye klorini moja au mbili na hazipungui tena, kifuniko hufunguliwa na udongo hugeuzwa. Mantiki yake haina utata, kwani wa kwanza huishia pale pale ambapo wa pili huanzia. Katika Hudson mwaka 1991 mashapo ambayo tayari yalikuwa yamevuliwa klorini kwa njia ya asili yalipewa hewa ndani ya mitungi mikubwa iliyosimikwa mtoni, na katika siku 73 kati ya theluthi moja na nusu hivi ya PCB ikatoweka. Ni haki pia kueleza yaliyofuata: mto huo hatimaye ulichimbwa kwa mashine kuanzia mwaka 2009 hadi 2015, kwa kuwa bakteria walikuwa wakienda kwa mwendo wao na samaki walikuwa wakiliwa.

Pemba ina mabonde ya mpunga yenye udongo wa mfinyanzi ambayo masika huyafurikisha na kiangazi huyakausha. Bonde la namna hiyo likiwa limechafuliwa, maumbile yenyewe hulipitisha katika zamu ya bila hewa kisha ya hewa, na kosa kubwa lingekuwa kulichimbia mifereji ya kulikausha kabla ya kujua kilichomo. Lakini hakuna mpunga wa kupandwa humo wakati huo. Bonde linaloshukiwa hupumzishwa, hata kama mwenyewe anadai kwamba mwaka jana alivuna vizuri.

Kuhusu mikoko nina rai moja tu: tope lisiguswe. Oksijeni huishia chini ya vidole vichache, bakteria wanaofaa wamo, na wamekuwamo tangu kabla ya viwanda, maana bahari imejaa halojeni za asili. Mwani mwekundu, sifongo na baadhi ya minyoo ya mchangani hutengeneza kampaundi za bromini ili kujikinga na maadui, na bakteria mmoja mwenye uwezo wa kuziondolea bromini hizo, Desulfoluna spongiiphila, alitolewa ndani ya sifongo. Kikwazo cha mikoko ni salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo kiasi cha gramu 2.7 kwa lita. Watumiaji wake ni wengi na hugombania haidrojeni, kwa hiyo kazi ya klorini huchelewa. Kuchimba, kwa upande mwingine, huliamsha tope lote na kuligawa kwa samaki. Tabaka jembamba la makaa amilifu juu ya tope, linaloinasa sumu isiingie majini wakati bakteria wakiendelea chini, ni chaguo la busara kuliko kulichimba au kuliacha wazi.

Kuchoma nakutaja kwa ajili ya kukataza. Tanuri maalumu yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100 huiangamiza PCB. Pipa la mafuta lililotobolewa na kuwashiwa moto nyuma ya gereji huigeuza kuwa dioksini na kuipeleka kwa majirani.

Kabla ya kulipa

Jaribio la chupa lina thamani kuliko ahadi yoyote ya mkandarasi, na mwenye kiwanja ana haki ya kulidai. Tope la mahali penyewe hutiwa katika chupa za kioo pamoja na maji, chakula na tone la resazurini, rangi ya kuonyesha kama oksijeni imo, hewa hufukuzwa kwa naitrojeni, na kizibo kizito cha mpira hubanwa kwa kofia ya alumini. Rangi ya buluu hugeuka waridi, kisha siku moja ukifika asubuhi unaikuta chupa haina rangi kabisa, ishara kwamba oksijeni imekwisha na saa ya kazi imeanza. Nusu ya chupa huchemshwa kwa mvuke wa shinikizo mpaka kila kilicho hai kife. Hizo ndizo mashahidi: sumu ikipungua sawasawa katika chupa hai na chupa zilizokufa, basi iliyoipunguza si bakteria, huenda imejishika tu kwenye kioo au kwenye mpira.

Na asikubali mtu kuonyeshwa kloridi kama ushahidi kwa tope la pwani. Lita moja ya maji ya bahari ina kloridi ya gramu 19 hivi, na zile milligramu chache zitokazo kwenye sumu haziwezi kuonekana ndani yake. Kinachotakiwa ni kipimo cha kromatografia ya gesi kinachoitaja kila kampaundi kwa jina lake, pamoja na idadi ya klorini zake na mahali zilipokaa juu ya pete, kikichukuliwa siku ya kwanza na kurudiwa kwa chupa zile zile, hai na zilizokufa, kila baada ya wiki nane.